Nyumba Iliyopakwa Chokaa: Uchambuzi wa Kisa cha Kuwatembelea Wazazi Wazee Wilayani Pangani

Kwa nini kisa hiki kinaandikwa

Visa vingi vya wazee vinavyosimuliwa katika mafunzo ya ustawi wa jamii ni visa vya kutelekezwa: mtoto amekwenda mjini, hatumi kitu, hapigi simu, na mzee anabaki kuokotwa na majirani. Msomaji huwahukumu watoto, hujitoa katika hukumu hiyo, kisha hufunga kitabu. Kisa hiki si cha namna hiyo. Watoto watatu wa familia hii ya pwani ya Tanga walituma fedha, walipiga simu kila Ijumaa na walikwenda nyumbani kila mwaka bila kukosa. Pamoja na hayo, mama yao alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona na baba yao alikuwa ameanguka mara tatu katika muda wa miezi mitatu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejua.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika mkoa huu kwa miaka mingi. Katika kisa hiki niliitwa baada ya kikao cha kwanza cha ndugu kuvurugika, kwa hiyo yaliyotangulia kikao hicho niliyapata kwa kuwahoji wahusika mmoja mmoja, na yaliyofuata niliyashuhudia. Familia imeridhia kisa kitumike kufundishia. Majina, jina la kijiji na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Wahusika nitawaita Baba, Mama, Kifungua Mimba (binti), Kaka, Kitinda Mimba na Jirani.

Usuli wa familia

Mwaka 2022 Baba alikuwa na umri wa miaka 77 na Mama miaka 70. Wanaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Pangani, si mbali na barabara itokayo Tanga mjini, katika nyumba ya matofali yenye baraza mbele, kisima cha jirani upande wa kusini, na choo kilichojengwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini hivi kutoka mlango wa uani. Wana shamba la minazi na mihogo ambalo Baba alilirithi kwa upande wa mama yake.

Baba alifanya kazi katika mashamba ya mkonge tangu ujanani, kwanza akiwa mkataji, baadaye kwenye korona, yaani mashine inayochambua nyuzi kutoka katika majani. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Nyuzi za plastiki ziliposhusha bei duniani, na usimamizi wa mashamba ulipodorora, uzalishaji uliporomoka, na kufikia miaka ya 1990 mashamba mengi ya mkoa huu yalikuwa yamerudi kuwa vichaka. Baba aliondoka katika miaka hiyo na kiinua mgongo kidogo kilichoishia kwenye bati za nyumba, na hana pensheni ya mwezi. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, tangu mwaka 2016 mzee aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Huku Bara, wakati wa kisa hiki, hapakuwa na mpango wa namna hiyo kwa kila mzee. Naeleza hili kwa sababu ndilo linaloifanya fedha inayotumwa na watoto kuwa ndiyo mshahara wa nyumba nzima, na jinsi inavyotumika kuwa suala la afya.

Mama ni msukaji. Kwa miaka mingi alisuka ukili, yaani utepe mrefu wa kushonea mkeka, kwa majani ya ukindu yaliyotiwa rangi, akashona mikeka ya maua iliyonunuliwa hadi Tanga mjini. Msomaji aukumbuke ukili huo, kwa kuwa utarudi.

Kifungua Mimba, mwenye miaka 46 wakati huo, ni mhasibu Dar es Salaam na alikuwa akituma shilingi 80,000 kila mwezi kwa simu. Kaka ana duka la vipuri Tanga mjini, mwendo wa saa mbili au tatu kutoka kijijini kwa barabara ambayo wakati huo lami yake ilikuwa haijakamilika. Yeye alituma alichoweza, bila kiwango. Kitinda Mimba yuko Mwanza na huchangia panapotokea jambo.

Ziara ya Idd

Familia ilikuwa na desturi ya kukutana kijijini kila Idd el-Fitr. Mwezi Mei mwaka 2022 walifika watu kumi na mmoja, wakwe na wajukuu wakiwamo, wakalala siku mbili na kuondoka ya tatu asubuhi. Kwa kauli ya wote niliowahoji, ilikuwa Idd nzuri. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa upya. Kulikuwa na wali wa nazi, mchuzi wa kuku, pweza, mikate ya kumimina, na soda kreti nzima kwa ajili ya watoto.

Nilimwomba Kifungua Mimba anieleze alichokiona kwa wazazi wake katika siku hizo mbili, naye alikaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Alimkumbuka baba yake akiwa ameketi kitini barazani kwa kanzu safi, akipokea shikamoo za wajukuu na kugawa mkono wa Idd. Mzee kukaa kitini siku ya sikukuu ni heshima yake, hivyo hakuna aliyejiuliza kama mzee huyo aliweza kusimama bila kushika ukuta. Mama alimkumbuka akiwa jikoni, akiamuru. Aliyekuwa akipika kwa mikono yake, kama ilivyobainika baadaye, ni Jirani, mjane wa nyumba ya pili, ambaye aliitwa siku nne kabla ya wageni kufika. Hilo nalo halikushangaza mtu, kwa sababu jirani kusaidia kupika penye shughuli ni jambo la kawaida.

Simu za kila Ijumaa hazikuwa na manufaa zaidi ya hapo. Lugha yetu ina adabu inayoweza kuficha msiba: anayeulizwa "hamjambo" hujibu "hatujambo" hata kama mmoja wao yuko kitandani, kisha habari mbaya hufuata baadaye, ikiwa itafuata. Katika nyumba hii haikufuata. Mtoto aliuliza, mzazi akajibu hatujambo, alhamdulillah, wote wakaridhika kwamba wajibu umetimizwa.

Ziara isiyotarajiwa

Mwezi Juni mwaka huohuo Kifungua Mimba alikuwa Tanga kwa semina ya kikazi, semina ikaisha siku moja kabla ya ratiba. Akapanda gari la Pangani mchana bila kupiga simu, akinuia kulala usiku mmoja. Hakukusudia kumchunguza mtu, na baadhi ya ndugu waliokuja kumlaumu kwamba "aliwavizia wazee" hawakumtendea haki.

Alifika saa nane mchana. Mlango ulikuwa wazi, Baba amelala, na Mama alikuwa amekaa chini uani akila bada, ugali wa makopa ya muhogo, kwa chumvi. Mama alinyanyua uso na kusema, "Karibu, nani mwenzangu?" Binti akadhani anataniwa. Akasema, "Shikamoo mama, ni mimi." Mama akaitikia marahaba, akaanza kulia, kisha akakasirika: kwa nini hakupiga simu, atakula nini, nyumba iko hivi.

Kando ya Mama palikuwa na kazi aliyoiweka chini. Lilikuwa jamvi la miyaa, jeupe, lisilo na rangi hata moja. Mtu asiyejua kusuka angelipita. Kifungua Mimba alilelewa katikati ya ukili na alijua kwamba mama yake alikuwa akiyadharau majamvi, kwa kuwa jamvi ni kazi ya miyaa minene ambayo vidole huisuka vyenyewe, ilhali mkeka wa ukindu wenye maua hudai jicho lihesabu kila unyuzi. Alipouliza ukindu uko wapi, Mama alisema umeadimika. Haukuwa umeadimika, ulikuwa umening'inia darini, umekauka, na vipande viwili vya ukili wa rangi vilivyokosewa hesabu vilikuwa vimefichwa chini ya godoro.

Siku ya kwanza na ya pili Mama aliendelea kumfanya bintiye mgeni: akamkopea samaki, akamtandikia kitanda chake mwenyewe, akakataa asiguse ndoo. Siku ya tatu, bila mtu kupanga, mambo yaligeuka. Mafuta ya taa yaliisha, na Mama akamtuma dukani kama alivyomtuma akiwa na miaka kumi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi huitumia methali hiyo kumcheka mgeni asiyeondoka. Katika kazi yangu nimekuja kuiona kwa upande mwingine, kwamba mpaka mtu apewe jembe hajaingia ndani ya nyumba aliyofikia.

Dukani, mwenye duka alimfungulia daftari la mkopo. Deni la wazazi lilikuwa shilingi 64,500. Lilianzia mwezi wa Rajab, miezi miwili kabla ya Ramadhani, likapanda katika Shaaban, na mistari mingi ya mwisho wa Ramadhani ilikuwa mchele, mafuta ya kupikia, soda na mfuko wa chokaa. Mwenye duka alieleza kwa upole, akidhani binti anajua, kwamba kila mwaka wazee "hujifunga mkanda" kuanzia Rajab ili wapate cha kuwapokelea wageni, na baada ya Idd hulipa deni hadi Mfunguo Tatu hivi, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya mwaka maisha ya nyumba ile yalizunguka siku mbili za kupokea watoto.

Usiku huo huo wa tatu, saa nane usiku, Baba alianguka katika njia ya kwenda chooni. Udongo ulikuwa bado na utelezi wa mvua za masika. Hakuvunjika, ila aliumia nyonga na kukwaruzika mkono. Binti alisikia kwa sababu alikuwepo. Asubuhi Jirani alimweleza yaliyobaki: ilikuwa mara ya tatu tangu Shaaban, na Baba alikuwa hajaonekana msikitini kwa swala ya alfajiri tangu mwezi wa Machi. Waumini wote walijua. Imamu alikuwa amekwisha kuja kumjulia hali mara mbili.

Dawa za Baba zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga: vidonge vya presha vya vipindi vitatu tofauti, vingine vimechanganyika. Baba alikuwa na maelezo yaliyonyooka, na ni maelezo ninayoyasikia kila mwezi. Kidonge cha presha alikimeza siku kichwa kilipouma, kwa sababu kama kichwa hakiumi basi presha haipo. Kidonge cha pili, cha kutoa maji mwilini, alikimeza kila siku, lakini alikimeza baada ya swala ya isha. Bahasha ya dawa iliandikwa "1×1" tu, yaani kimoja mara moja kwa siku, na yeye alichagua saa ambayo hangeisahau. Kidonge hicho kilimwamsha mara tatu au nne kila usiku, kikampeleka gizani hatua thelathini hadi chooni.

Maamuzi ya kwanza na sababu zake

Kifungua Mimba aliomba ruhusa kazini akakaa siku sita. Alinieleza kwamba katika siku hizo alifanya maamuzi matatu, nami naona mawili yalikuwa sahihi.

La kwanza, hakumuuliza Mama kwa nini alificha. Aliona kwamba swali hilo, hata likiulizwa kwa upole, lingekuwa shitaka, na Mama angelijibu kwa kuficha zaidi. Badala yake alimwomba amfundishe tena kusuka ukili wa maua, jambo lililomfanya Mama akiri mwenyewe, siku ya nne, kwamba "rangi zimeingiana". La pili, alimpeleka Baba zahanati, akiwa amebeba kopo zima la dawa kama lilivyo, bila kulipanga. Mganga alipoona kopo alielewa kwa dakika moja kile ambacho maswali ya saa nzima yasingekitoa. Alihamishia kidonge cha maji asubuhi, akaelekeza cha presha kimezwe kila siku kichwa kiume kisiume, na akampa Baba rufaa ya kupimwa tezi dume, kwa kuwa mwanaume wa umri wake anayeamka mara nyingi usiku haifai kudhani kwamba sababu ni moja.

La tatu lilikuwa kuwapigia ndugu zake simu usiku akiwa na uchungu, na kuwaambia kwa sauti ya lawama kwamba wazazi wanakufa. Kwa hiyo kila mmoja alikuja kikaoni akiwa na jibu lake tayari.

Kikao kilichovurugika

Kikao kilifanyika kijijini mwezi Julai. Kaka alikuja na pendekezo la kuwahamishia wazazi kwake Tanga mjini. Kitinda Mimba, aliyesafiri kutoka Mwanza kwa gharama kubwa na kwa hiyo alitaka mambo yote yaishe kwa safari moja, alikuja na karatasi za kuomba hatimiliki ya kimila ya shamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kisheria hakukosea. Shamba halikuwa na hati, Baba ndiye pekee anayeijua mipaka yote, na mti mmoja wa mpaka ulikuwa umekwisha kukatwa. Lakini karatasi zilitolewa siku ya pili baada ya Baba kuoneshwa kwa daktari. Baba alizitazama, akauliza, "Mmekuja kunijulia hali au mmekuja kunizika?" Akaingia ndani, na kwa siku mbili hakusema na mtu isipokuwa Mama.

Suala la kuhama nalo liliishia hapo. Mama alisema hawezi kukaa nyumba ambayo hajui ufunguo wa maji uko upande gani, na hoja hiyo wakaichukulia kuwa ukaidi. Baadaye nilimweleza Kaka kwamba mama huyo alikuwa ametaja, kwa lugha yake, ukweli wa kitabibu: mtu asiyeona vizuri huishi kwa kumbukumbu ya vidole na miguu, na kumhamisha kabla ya kutibu macho ni kumpofusha kabisa.

Nilipoingia, jambo la kwanza nililoomba ni hati ziwekwe pembeni kwa muda usiotajwa. Jambo la pili ni kila mtoto aniambie mara ya mwisho alipolala nyumbani usiku ambao haukuwa wa sikukuu wala wa msiba. Kaka, anayeishi karibu kuliko wote, hakuweza kukumbuka.

Utekelezaji

Mpango wa awali, ambao sikuupinga vya kutosha, ulikuwa kuajiri binti wa kazi. Aliletwa kutoka Handeni mwezi Agosti, akiwa na miaka 22, mchapakazi na mwenye adabu. Alidumu siku kumi na nane. Mama hakumfukuza, alimwachia jiko lote, akawa halili alichopika. Nilipokwenda kuzungumza naye, Mama aliniambia kwamba amempikia mume wake kwa miaka hamsini, na sasa watoto wamemletea mke mwenza wa kulipwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla. Sisi wataalamu tunalijua kosa hili kwa jina, tunalifundisha darasani, kisha tunalitenda.

Hapo ndipo ndugu walipomgeukia Jirani, ambaye kwa hakika alikuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo kwa mwaka mzima. Makubaliano yalifanyika mbele ya Mama, naye Mama ndiye aliyepanga kazi: Jirani ateke maji, asimamie dawa asubuhi, na aende dukani, kupika kubaki kwa Mama, na Jirani akae naye jikoni "kupiga soga", ambako kwa vitendo ni kumtazama asijiunguze. Watoto walikubaliana kumpa shilingi 50,000 kila mwezi. Neno "mshahara" lilikataliwa na Jirani mwenyewe, likaandikwa "kifuta jasho".

Fedha za matumizi ziliacha kwenda kwenye simu ya Mama. Ilikuwa imebainika kwamba kijana wa ukoo aliyekuwa akimsomea ujumbe na kumtolea fedha kwa wakala ndiye aliyeijua namba ya siri, na kila mwezi alijikatia "ya soda", ambayo mara nyingine ilikuwa shilingi 10,000. Familia iliamua kutolikuza jambo hilo, kwa kuwa kijana huyohuyo ndiye anayekwea minazi. Fedha zilianza kupelekwa kwa mwenye duka, zikaandikwa katika daftari lilelile, safari hii upande wa akiba badala ya upande wa deni.

Macho ya Mama yalichukua muda mrefu kuliko yote. Alikuwa na mtoto wa jicho. Huo ni ukungu unaotanda ndani ya lenzi ya jicho, na hautibiki kwa dawa ya matone wala kwa miwani. Hutibiwa kwa upasuaji ambao lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa nyingine ya kutengenezwa, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu na mgonjwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au inayofuata. Mama alikuwa amesikia kwamba jicho "hutolewa nje, likasafishwa, likarudishwa". Maelezo yangu hayakumtikisa. Aliyemtikisa ni mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, msukaji mwenzake, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia. Tulimleta akae naye mchana mmoja na kipande chake cha ukili wa rangi. Mama alikipitisha vidoleni, akakisogeza karibu na jicho, akauliza, "Hiki umekisuka baada?" Mwezi Oktoba alifanyiwa jicho la kulia katika hospitali ya mkoa, Tanga. Matone ya dawa ya wiki zilizofuata yalisimamiwa na Jirani.

Kuhusu gharama za matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na upo msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo. Baba alikataa kuuomba, kwa kuwa barua ya mtendaji wa kijiji ingemwandika kuwa asiyejiweza. Ndugu waliilipia kaya bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita, na pengo lililobaki wakalichangia.

Choo kilisogezwa. Kaka alijenga kingine kikiwa kimeungana na ukuta wa uani, chenye sakafu ya saruji ya kukwaruza na bomba la chuma la kushikilia. Kati ya yote yaliyofanyika, hili ndilo lililogharimu fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na ndilo ambalo halikuhitaji kikao.

Ratiba ya kutembelea

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Watoto walikubaliana kwamba Idd ibaki kama ilivyo, kwa kuwa furaha ya wazee kuona nyumba imejaa si jambo la kuwanyang'anya, lakini isihesabiwe kuwa ziara ya kujulia hali. Ziara ya kujulia hali ikawa ni ya mtoto mmoja, bila mke wala mume wala watoto, siku za kawaida, usiku usiopungua mitatu. Kaka kila baada ya miezi miwili, Kifungua Mimba kila baada ya mitatu, Kitinda Mimba mara moja kwa mwaka kwa sababu ya umbali.

Gharama za Idd zilikuwa na utata wake. Pendekezo la kwanza, kwamba kila mgeni aje na chakula chake, lilimfedhehesha Mama kiasi cha kusema basi wasije. Kaka ndiye aliyepata njia. Alianza kupeleka mchele, sukari, tende na mafuta mwanzoni mwa Ramadhani kama futari kwa wazazi, kiasi kinachozidi mahitaji ya mwezi, na kinachobaki ndicho kinachowapokea wageni. Mtoto kuwapelekea wazazi futari ni desturi ambayo hakuna mzazi wa pwani anayeiona kuwa ni tusi.

Maswali ya simu nayo yalibadilika. Badala ya hamjambo peke yake, waliuliza: leo mmepika nini, nani kaenda dukani, baba kaswali wapi alfajiri. Maswali haya hayana jibu la adabu lililoandaliwa tayari.

Matokeo

Kufikia Idd ya Aprili 2023, daftari la duka lilikuwa halina deni. Baba hakuwa ameanguka tena tangu Septemba, alikuwa akimeza dawa kila asubuhi, na alikuwa amerudi msikitini kwa swala za mchana. Alfajiri bado anaswali nyumbani. Uchunguzi wa tezi dume ulionesha imekua bila dalili ya saratani, akaanzishiwa dawa. Mama alianza tena kusuka ukindu, kwa rangi mbili tu, na kwa mwanga wa asubuhi. Jicho la kushoto halijafanyiwa upasuaji. Kila tarehe inayopangwa huangukia msimu wa kuvuna au harusi ya mtu.

Kitinda Mimba alikosa zamu yake ya kwanza, na Kaka alikosa mbili. Hatimiliki ya shamba ilishughulikiwa mwishoni mwa mwaka 2023, pale Baba mwenyewe alipoliibua siku Kaka alipokuwa akimsaidia kupalilia, wakazunguka mipaka pamoja na mwenyekiti wa kitongoji.

Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki halikutokana na upungufu wa mapenzi, na ndiyo sababu lilikuwa gumu kuonekana. Watoto waliichukulia ziara ya Idd kuwa dirisha la kutazamia hali ya wazazi. Wazazi waliichukulia kuwa siku ya kuwakirimu watoto. Kadiri watoto walivyokuja wengi na kwa shangwe, ndivyo wazazi walivyojinyima zaidi kabla na kukopa zaidi ili kuwapokea. Fedha ya dawa na ya kitoweo iligeuka chokaa na soda. Nimewahi kuulizwa kama si wazazi waliokosea kwa kudanganya. Sioni kuwa ni udanganyifu. Mzazi aliyezoea kumkaribisha mtu kwake haachi kuwa mwenye nyumba kwa sababu amefikisha miaka 70.

Kilichofaa zaidi ni muda wa kukaa, hasa kule kuvuka siku ya pili. Daftari la duka, kuanguka kwa usiku, ukungu wa macho, vyote vilijitokeza baada ya Mama kuchoka kumkirimu bintiye. Kuja bila taarifa kulisaidia, lakini sipendekezi kufanywe kuwa mbinu: Mama hadi leo hulitaja tukio hilo kwa aibu, na kumkuta mzazi akila bada kwa chumvi ni jambo ambalo binti huyo asingependa kuliona kwa njia ile. Siku nne za kawaida zilizotangazwa zingetoa taarifa ileile.

Jambo la pili lililofaa ni kusoma alama ndani ya kazi za mzazi mwenyewe. Mtaalamu anayekwenda na fomu angemuuliza Mama kama anaona vizuri, na angejibiwa kwamba anaona. Jamvi jeupe lilisema kweli, kwa aliyejua tofauti ya miyaa na ukindu. Kwa mzee mvuvi alama itakuwa katika nyavu, kwa mkulima katika mistari ya mihogo. Vivyo hivyo taarifa zote zilikuwa kijijini tayari, msikitini, dukani na kwa Jirani. Watoto walizikosa kwa sababu katika siku mbili za sikukuu walizungumza wao kwa wao.

Kilichoshindikana kilishindikana kwa mtindo mmoja, wa kuleta jibu kabla ya kuuliza. Binti wa kazi, kuhamia mjini na karatasi za shamba vyote vilikuwa na mantiki vikiwa mezani. Suala la shamba linanifundisha zaidi, kwa sababu jambo lilelile, kwa baba yuleyule, lilikataliwa mbele ya kitanda cha mgonjwa na likakubaliwa shambani jembe likiwa mkononi, na lililobadilika ni saa na nani aliyelianzisha. Kwa upande wangu, nilipaswa kumuuliza Mama kuhusu jiko lake kabla gari halijatoka Handeni.

Udhaifu uliobaki katika mpango mzima ni Jirani. Dawa, maji, duka na usalama wa jiko vinamtegemea mtu mmoja, na hakuna aliyepangwa kushika nafasi yake akiugua. Nimewaeleza ndugu hilo mara mbili, wakakubali, na hakuna lililofanyika. Jirani mwenyewe ana miaka 63 na ameanza kulalamika magoti anapopanda kutoka kisimani. Ana mtoto mmoja, yuko Dar es Salaam, na huja kumwona kila mwaka siku ya Idd.